Unauza memori kadi yenye OPL au gemu stiki? Uzi wa leseni za programu za bure za konsoli

FundiKonsoli

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ninapotangaza memori kadi za PS2 zenye Free McBoot (inayowasha programu kutoka kwenye kadi) na OPL (inayocheza gemu zilizo kwenye flashi), hawakosekani watu wawili. Wa kwanza anauliza kama huo si wizi. Wa pili anamjibu hata kabla yangu: wizi gani na programu yenyewe ni ya bure? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, nikaona nifungue uzi tumalizane.

Ninachosema ni hiki. Homubru, yaani programu za konsoli zinazoandikwa na watu binafsi bila kibali cha kampuni, kuwa za bure hakuna maana kwamba hazina mwenyewe. Na anayekubana mara nyingi si Sony wala Nintendo, ni yule kijana aliyekesha akiiandika. Halafu kuna zana alizoiandikia, nazo zina mwenyewe. Halafu kuna vipande vya kampuni ambavyo pengine vimejificha humo ndani wala hujui. Faili ni moja, wenyewe watatu.

Tuanze na OPL kwa sababu ndiyo iko kila banda la gemu. Open PS2 Loader iko chini ya leseni inayoitwa AFL, toleo la 3.0. Inakuruhusu kunakili, kubadilisha, kugawa, hata kuuza. Inachodai ni kwamba majina ya waandishi na tangazo la hakimiliki yabaki kwenye msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kama umeugusa msimbo huo useme umeugusa. Washa PS2 yenye OPL, bonyeza Start, ingia ukurasa wa maelezo ya programu, utawakuta wameorodheshwa. Wauzaji wengi wanaweka nembo ya duka na namba ya simu kwenye mandhari ya OPL. Hilo ruksa kabisa, mandhari ni mapambo. Lakini nimeshika kadi ambayo muuzaji ameufuta ukurasa mzima wa majina, akaandika kwamba programu imetengenezwa na duka lake. Hapo anajipa kazi ya watu, na wala haikuwa na haja, maana kuuza alikuwa anaruhusiwa tangu mwanzo.

Gemu zilizomo kwenye flashi ni habari nyingine. OPL inasoma folda ya CD na folda ya DVD, haijui umezitoa wapi. ISO (nakala ya diski) ya gemu ya mpira uliyoishusha mtandaoni haitakaswi kwa kuchezwa na programu halali. Kwa hiyo yule wa kwanza anayeniuliza kuhusu wizi, swali lake alielekeze kwenye flashi ya gemu, si kwenye kadi.

Sasa suala la zana, ambalo watu hawalijui kabisa. Mfano wake bora ni XBMC, programu ya kucheza video na muziki ambayo leo mnaiita Kodi. Ilizaliwa kwenye Xbox ya kwanza, ikianza kama Xbox Media Player mwaka 2002. Msimbo chanzo wake ulikuwa chini ya leseni huria ya GPL, yeyote aliruhusiwa kuusoma na kuusambaza. Ila kuugeuza uwe programu inayowaka kwenye Xbox kulihitaji XDK, kifurushi cha zana cha Microsoft ambacho kilitolewa kwa studio zenye mkataba tu. Programu ikishatengenezwa kwa XDK inatoka na maktaba za Microsoft tumboni. Ndiyo maana wenye mradi walitoa msimbo chanzo pekee. Programu iliyo tayari hawakuiweka kwenye tovuti yao. Waliotaka iliyo tayari walikwenda Xbins, seva ya FTP ambayo njia ya kuingilia ilipitia kwenye chumba cha mazungumzo cha IRC. Usumbufu mtupu, lakini mradi ulibaki msafi na umeishi hadi leo. Wengine wakaamua kuandika zana mbadala kutoka sifuri, kwanza OpenXDK, baadaye nxdk.

Kwenye PS2 tuna nafuu. Tunayo ps2sdk, zana zilizoandikwa na jamii yenyewe, leseni yake AFL 2.0. Lakini hata huku chungulia vizuri. Zamani programu kadhaa zilifungashwa pamoja na moduli za IRX (vipande vya programu vya PS2) zilizochomolewa kwenye gemu za Sony, zile za kusoma pedi na memori kadi. Njia safi ziko mbili. Ama unaiagiza programu ipakie rom0:SIO2MAN na rom0:PADMAN, yaani ichukue moduli kutoka kwenye chipu ya konsoli ya mteja mwenyewe, kwa hiyo wewe hujagawa kitu cha Sony. Ama unatumia freesio2 na freepad zilizomo ndani ya ps2sdk. Ukiona pakiti ya zamani ina SIO2MAN.IRX imekaa pembeni kama faili, jua hiyo si ya mwandishi.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi zaidi shukeni.

---

BabaTisa

Nimevuta kiti, mkuu. Uzi umekuja wakati mwafaka.

Mimi sina mambo ya PS2. Nauza zile gemu stiki za kuchomeka kwenye HDMI, zilizoandikwa gemu elfu kumi. Nazipokea zikiwa zimefungwa, naziuza zikiwa zimefungwa. Kosa langu liko wapi? Aulizwe Mchina.

---

FundiKonsoli

BabaTisa, Mchina ataulizwa, lakini sheria ya hakimiliki inamwangalia pia anayegawa. Na kwenye hizo stiki gemu ni nusu tu ya tatizo.

Nyingi zinaendeshwa na RetroArch, programu ya kuchezea gemu za konsoli za zamani, au ndugu zake. RetroArch ni GPLv3. GPL haikatazi kuuza, watu wanakosea sana hapo. Inachosema ni kwamba ukigawa programu, umpe mteja na msimbo chanzo wake, au andiko la ahadi kwamba akiutaka atapata, ahadi ya miaka isiyopungua 3. Fungua boksi la stiki uniambie kama umeiona hiyo karatasi. Mimi nimeona karatasi ya jinsi ya kuweka betri kwenye pedi, basi.

Sasa RetroArch ni fremu tu. Emuleta zinazopachikwa ndani, yaani programu zinazoiga konsoli za zamani, kila moja ina leseni yake. mGBA ni MPL 2.0 (leseni huria nyingine), PCSX ReARMed na Nestopia ni GPL, hao huna ugomvi nao ukitimiza masharti. Lakini Snes9x imeandikwa wazi kwamba ni bure kwa matumizi binafsi, biashara mpaka ruhusa. Genesis Plus GX hivyo hivyo. PicoDrive hivyo hivyo. Ukiuza stiki yenye Snes9x ndani umevunja leseni hata kama hujaweka gemu hata moja.

Na usidhani hawajui. Mwaka 2014 watu wa Libretro, wenye RetroArch, waliishutumu Hyperkin hadharani kwamba konsoli yake ya RetroN 5 imebeba Snes9x na Genesis Plus GX kinyume na masharti hayo ya kutofanya biashara. Hiyo ni kampuni ya Marekani yenye bidhaa dukani, si stiki isiyo na jina.

---

KijanaWaPedi

Lakini hizo leseni za "usifanye biashara" si ndizo zinazoua miradi yenyewe? Nimesoma MAME, emuleta ya mashine za gemu za sarafu, nayo ilikuwa hivyo, ikabadilika.

---

FundiKonsoli

Kweli kabisa, na mimi binafsi sizipendi. MAME ilikaa miaka mingi na leseni ya kukataza biashara, mpaka Machi 2016 ndipo mradi mzima ukahamia GPL, huku sehemu kubwa ya msimbo ikiwa chini ya BSD, leseni nyepesi zaidi. Kazi ilikuwa kuwatafuta waliowahi kuchangia, mmoja mmoja, wakubali. Unapoandika msimbo na watu mia, hakimiliki ni ya watu mia. Kiongozi wa mradi hawezi kuamka asubuhi akabadilisha leseni kwa niaba yao.

Kisa cha FB Alpha, emuleta nyingine, kinaonyesha hilo vizuri kuliko chochote. Nayo ilikuwa haitaki biashara. Mwaka 2019 Capcom Home Arcade ilitangazwa, ile mashine yenye umbo la nembo ya Capcom, ikitumia FB Alpha, kwa ruhusa iliyotolewa na kiongozi wa mradi. Wenzake wakauliza: ruhusa hiyo umeitoa kwa msimbo wa nani? Waliondoka wakaanzisha FinalBurn Neo. Leo ukiuliza watu, FBNeo ndiyo inayoendelezwa.

Kwa hiyo ukipata barua pepe ya mtu mmoja kwenye mradi akikwambia "sawa, uza tu", usishangilie haraka. Muulize kama wenzake wamekubali.

---

Msee_wa_Luthuli

Sasa wasee, salamu kutoka Nairobi. Mimi nashughulika na Wii, bado ziko mtaani kibao, na wazazi wanazipenda.

Wale walioleta Homebrew Channel (programu ya kuwashia homubru kwenye Wii) mwaka 2008, Team Twiizers, walikuwa wakali kwa hili jambo. Ukiwasha installa yao, kitu cha kwanza kabla ya menyu ni skrini ya onyo: programu hii haiuzwi, si peke yake wala ndani ya furushi, kama umeilipia umetapeliwa, kadai pesa zako. Na haikuruhusu uipite hivi hivi. Unakaa unaisoma sekunde kadhaa ndiyo maandishi ya kubonyeza 1 yatokee. Kuna watu walikuwa wanauza CD za "kufungua Wii" mtandaoni, ndiyo sababu.

Sasa mimi nafanya hivi: mteja analipia kazi ya mikono. Nimeandika kwenye risiti, ufundi bei fulani, programu sifuri. Na siifichi ile skrini, namwachia aisome mwenyewe. Kuna mmoja aliisoma akanigeukia kwa jicho kali, ikabidi nimwonyeshe risiti.

---

KijanaWaPedi

Hiyo ya risiti umeniua. Lakini hao hao wa Homebrew Channel si ndio walioleta vurugu, wakafunga mradi?

---

Msee_wa_Luthuli

Aprili 2025. Waliweka hifadhi ya msimbo wa Homebrew Channel kwenye GitHub iwe ya kusomwa tu, wakaandika sababu juu kabisa. Issue ni libogc, ile maktaba ambayo karibu kila homubru ya Wii na GameCube imejengwa juu yake. Walisema tangu zamani walijua sehemu zake zimetoka kwenye zana za Nintendo, lakini wakaamini kwamba sehemu ya kuendesha nyuzi za kazi (kazi kadhaa kwa wakati mmoja) ni ya kujiandikia. Halafu ikadaiwa kwamba hata hiyo imechukuliwa RTEMS, mfumo endeshi wa bure, na majina ya wenyewe yakafutwa.

Ni madai yao, si hukumu. Lakini fikiria uzito wake: RTEMS ingekuruhusu kutumia msimbo wake bila kulipa senti. Kilichotakiwa ni kuacha majina na leseni yake. Mistari michache juu ya faili.

---

FundiKonsoli

Hapo Msee amegusa penyewe. Na ndio maana nasema leseni ya programu yako haiwezi kuwa safi kuliko maktaba uliyoijengea. Ukiandika gemu yako vizuri, ukaipa leseni ya MIT isiyo na masharti mengi, halafu chini yake kuna msimbo wa Nintendo, unachogawa ni mchanganyiko wa vyote viwili.

---

MtuWaPwani

Mashekhe, mnajitaabisha. Haya yote ni ugomvi wa wazungu na wazungu wenzao. Nani ametoka Ulaya kuja Darajani kumkagua muuza memori kadi? Hii GPL yenyewe imewahi kumtoa mtu jasho au ni maneno ya kwenye makaratasi?

---

FundiKonsoli

Imemtoa, tena kwenye konsoli. Mwaka 2008 zilitoka gemu tatu za watoto za Wii: Freddi Fish, Pajama Sam na Spy Fox. Watu wa ScummVM, programu huria ya kuchezesha gemu za zamani, wakazichunguza, wakakuta ndani yake injini yao, ya GPL, bila jina lao popote. Suluhisho la kawaida lingekuwa rahisi: toeni msimbo chanzo, andikeni majina, tuendelee na maisha. Likashindikana, kwa sababu mkataba wa zana za Nintendo ulikuwa unakataza kuchanganya zana hizo na programu huria. GPL inasema lazima utoe msimbo, Nintendo inasema ole wako uutoe. Hawaivi chungu kimoja.

Yalimalizika kwa makubaliano mwaka 2009. Nakala zilizobaki zikapangiwa muda wa kuondolewa na kuharibiwa, studio iliyotengeneza ikachangia fedha Free Software Foundation. Yaani gemu halali, yenye muhuri wa Nintendo, imeondolewa sokoni na vijana wa kujitolea.

---

WakiliMchangamfu

MtuWaPwani, nikuongezee upande wa nyumbani, maana hoja ya kwamba ni ya wazungu naisikia sana.

Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218. Programu za kompyuta zimo, zinalindwa kama kazi za maandishi. Wewe uliye Zanzibar una sheria yenu ya 2003 na COSOZA, ofisi yenu ya hakimiliki. Msee ana sheria ya Kenya ya 2001 na KECOBO, bodi yao ya hakimiliki. Na kazi ya mgeni inalindwa hapa bila yeye kuja kusajili chochote, kwa sababu Tanzania tuko ndani ya Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Kenya waliingia mwaka mmoja kabla yetu.

Kiutendaji, mwandishi wa OPL hatapanda ndege kukufuata Darajani, nakubali. Panapouma ni kwingine. Ukiweka pakiti yako kwenye GitHub au ukafungua ukurasa wa mauzo kwenye mtandao wa Marekani, inatosha mwenye haki kutuma notisi chini ya sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali, DMCA ya 1998, na ukurasa unashushwa bila kesi. Jina la duka limepotea hapo.

Na msichanganye kuvunja leseni na kuuza vifaa vya kuvunja kufuli. Gary Bowser wa Team Xecuter alihukumiwa Marekani Februari 2022 miezi 40 jela. Kosa lake halikuwa kusahau majina ya waandishi. Kundi lao lilikuwa linauza chipu na programu ya SX OS, yenye kulipiwa leseni, za kufungua Nintendo Switch, na biashara nzima ilikuwa imeegemea kucheza gemu za wizi. Wakati huo huo Atmosphère, ambayo nayo inawasha Switch kwa homubru, iko hadharani chini ya GPLv2 na inagawiwa bure. Fedha ndiyo iliyobadilisha sura ya kesi.

---

MchezaBao

Naomba nami nichomekee langu, msinitimue. Naandika gemu ya bao kwa Game Boy, kwa kutumia GB Studio, programu ya kutengenezea gemu za Game Boy. Nataka kuiuza kama faili la ROM (gemu yenyewe) na baadaye katriji chache. Hapa sijachukua kitu cha mtu. Niko salama?

---

FundiKonsoli

MchezaBao karibu, na hongera. Tafadhali weka bao la kete 64 kamili, si ile ya mashimo sita.

GB Studio ni MIT, haikudai chochote zaidi ya kutunza tangazo lake la leseni. Huko uko sawa. Lakini kuna kitu cha Nintendo kimo ndani ya ROM yako na hukukiweka wewe. Game Boy ikiwashwa inasoma baiti 48 kwenye kichwa cha katriji, anwani 0104 mpaka 0133, na hizo ndizo zinazochora nembo ya Nintendo inayoshuka kwenye skrini. Kisha inazilinganisha na nakala iliyo ndani ya konsoli. Baiti moja ikikosea inaganda hapo hapo. Kwa hiyo zana zote za kutengenezea ROM, kuanzia rgbfix, zinaziandika zenyewe. Nintendo walipanga hivyo makusudi: anayetengeneza katriji bila kibali alazimike kutumia alama yao ya biashara, wapate pa kumshikia.

Ila mtego wa aina hiyo ulishapelekwa mahakamani Marekani mwaka 1992, Sega dhidi ya Accolade. Genesis mpya, konsoli za Sega, zilikuwa zinatafuta herufi S, E, G, A mahali maalumu kwenye katriji, zikiziona zinaandika kwenye skrini kwamba gemu imetolewa na Sega au kwa leseni ya Sega. Accolade waliziweka ili gemu zao ziwake. Mahakama ya rufaa ikasema mkanganyiko huo ameuleta Sega mwenyewe kwa kufuli lake, na kwamba kuchambua programu ya mtu ili kujua konsoli inataka nini ilikuwa matumizi ya haki.

---

WakiliMchangamfu

Nasisitiza: ni hukumu ya Marekani. Mahakama yetu inaweza kuisoma na kushawishika, lakini haifungwi nayo.

Kwenye boksi la katriji usiandike jina Nintendo kana kwamba ni wao, wala muhuri wao wa ubora. Andika kwamba inafanya kazi kwenye Game Boy na kwamba haijatolewa wala kuidhinishwa na Nintendo. Konsoli inakulazimisha baiti 48, boksi hailazimishwi na mtu.

---

MchezaBao

Asanteni sana wakuu. Hilo la boksi nimelinakili.

Nimekagua folda ya mradi baada ya kusoma uzi huu. Fonti ni ya OFL, leseni huria ya fonti, picha nimechora mwenyewe. Wimbo wa menyu niliuchukua mtandaoni, mwenyewe ameandika CC BY-NC.

---

FundiKonsoli

OFL unaruhusiwa kuiweka ndani ya gemu ya kuuza, ambatanisha faili la leseni yake. Hiyo NC ni ya kutofanya biashara. Mwandikie mwenye wimbo umwambie unauza ROM bei gani na unategemea katriji ngapi, umwombe ruhusa ya maandishi. Wengi wanakubali kwa hela ndogo au kwa jina tu kwenye skrini ya mwisho. Akikataa au akinyamaza, toa huo wimbo kabla hujapakia. Na ukiipata ruhusa, iweke kwenye folda ya mradi pamoja na leseni nyingine, usiiache kwenye WhatsApp.